Magdalena wa Milola na Maharage Yaliyohukumiwa Moto

Saa moja kasorobo asubuhi, na Magdalena Benedikto hafanyi kazi. Amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa nyuma ya nyumba yake, bondeni karibu na kijito, mikono mapajani, pakacha tupu miguuni. Mbele yake mistari sita ya maharage machanga imepanda vijiti. Majani yamelowa chapachapa kwa umande wa Agosti, na katika mistari minne ya mbele maganda yananing'inia marefu, laini, tayari kuchumwa. Lori liendalo Lindi litapita njia panda saa tatu. Yeye hainuki.

Mpita njia angemwita mvivu, na wapo waliowahi kumwita hivyo. Wanawake wenzake wameshafika mashambani, majembe yanalia mlimani, naye ameketi kama bibi harusi.

"Jani lenye maji haliguswi," anasema bila kugeuza kichwa. "Haligusi mume wangu, haligusi hata padri akija kubariki. Ukishika jani lenye kutu, halafu ukashika zima nalo limelowa, umelipaka ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Jambo hili hata mtoto analijua. Asiyelijua ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye analipwa mshahara kulijua."

Anayemsema yumo njiani. Leo ni Jumamosi, tarehe 22, siku ya saba na ya mwisho ya amri. Kabla ya adhuhuri Leonadi, msaidizi wa bwana shamba, atafika hapa kuhakikisha kwamba bustani yote ya Magdalena imeng'olewa na kuchomwa moto. Yote, pamoja na mistari miwili ya mwisho, kule kwenye migomba, ambayo ndiyo mbegu yake.

Magdalena ana hasira. Hasemi kwa mafumbo wala hafuti machozi. Amekasirika kuanzia unyayo mpaka utosi, na amekasirika hivyo kwa siku saba mfululizo, akipika kwa hasira, akifagia kwa hasira, na usiku akigeuka kitandani mpaka Benedikto, mumewe, akahamia mkekani.

Ili kuielewa hasira hiyo lazima kwanza mtu ayaelewe maharage yenyewe.

Katika vilima hivi vya Milola mboga ya jamii ya kunde ni mbaazi. Mbaazi hungojwa ijae, ikauke, ipikwe kwa nazi. Ganda ni la kutupa mbuzi. Mwaka 1948 Benedikto, aliyekuwa msaidizi wa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja Nachingwea, alirudi nyumbani na kopo la sigara lenye punje nyeusi zipatazo mia. Bwana wake alikuwa amezitupa jalalani. Benedikto alizipanda Novemba, joto likawa kali, maua yakapukutika yote, akasema nchi hii haifai.

"Nchi haifai!" Magdalena anacheka kwa pua. "Alizipanda wakati hata sisi tunatafuta kivuli. Mimi nilizipanda mwezi wa sita, kipupwe kimeingia, usiku una baridi. Nikamwagilia maji ya kijito jioni, nikatandaza nyasi kavu juu ya udongo usipate moto. Zikazaa."

Zilizaa, lakini kosa la kwanza likaja papo hapo, na ni kosa la mtu wa Milola kweli. Aliyaacha maganda yajae. Kwake ganda tupu halikuwa chakula. Kuchuma ganda ambalo halijapata punje ilikuwa sawa na kuchinja kifaranga. Akangoja mpaka yakavimba, akayafunga kwa majani ya migomba, akapanda lori hadi Lindi, akaingia dukani kwa Qutbuddin. Mke wa mwenye duka, Rabiabai, ndiye aliyetoka nyuma kuyatazama.

Rabiabai alizaliwa Lindi, na ulimi wake ni wa Lindi. Alichukua ganda moja akalikunja. Likapinda halikuvunjika.

"Mama, haya umeyachelewesha," alimwambia. "Haya sasa ni ya kupika kama mbaazi. Mimi nataka lile ambalo nikilikunja linalia tak! na uzi halitoi. Ganda ndilo tunalokula, punje hatuitaki."

Magdalena alirudi na mzigo wake, akajiona amedhihakiwa. Wiki ya pili alichuma machanga, akiyahurumia. Rabiabai alikunja moja, likalia, akachukua pakacha zima na kuagiza jingine. Tangu hapo, kila kipupwe, Magdalena hupeleka mara mbili kwa wiki. Hula nyumba ya Rabiabai, hula jirani zake, na wapishi wa Wazungu huja kununua kwa vikapu.

Kijijini walimtania mpaka wakachoka. "Muuza maganda anapita," walisema. Alipomaliza msimu wa kwanza na shilingi thelathini na tano, akamlipia mumewe kodi ya kichwa na kumnunulia binti yake Veronika sare ya shule, utani ukapungua. Leo Veronika yuko darasa la saba, shule ya bweni ya masista. Ada yake yote hutoka kwenye maganda hayo.

Lakini fedha siyo jambo analolizungumzia zaidi. Anazungumzia mbegu.

Ile mistari miwili ya nyuma hachumi. Kila mwaka hufunga uzi mwekundu kwenye mimea ambayo maua yake hayakupukutika siku za joto, na hiyo tu ndiyo huachwa izae mpaka maganda yawe manjano, yakauke, yasikike yakigonga upepo ukivuma. Punje zake huchanganywa na majivu na kufungwa kibuyuni, kibuyu kikatundikwa juu ya jiko kwenye moshi. Mwaka huu ni wa tano. Msimu uliopita alijaribu kupanda kitalu kimoja mwezi wa kumi, joto limeshaanza, nusu ya maua ikabaki na kuzaa.

"Ile ya Mzungu ilikuwa inaogopa jua," anasema. "Hii nimeilea mimi. Ni ya hapa. Duniani kote haipo isipokuwa kwenye mistari ile miwili. Kibuyu cha mwaka jana nilikimaliza kupanda, sikubakiza punje, nilijua nitavuna nyingine. Sasa mtu anakuja na kiberiti."

Alhamisi ya mwisho ya Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Leonadi alikuja kukagua. Ni kijana wa miaka ishirini na minne hivi, ana kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi nyeupe ndefu hadi magotini. Alianzia ng'ambo ya kijito, kwa jirani anayeitwa Brigita, ambaye maharage yake ya kawaida yalikuwa yameshikwa na kutu, yale madoa mekundu ya unga yanayotokea chini ya jani. Leonadi alipindua majani ya Brigita moja baada ya jingine, akaandika daftarini. Kisha akavuka kijito moja kwa moja hadi kwa Magdalena, bila kunawa mikono.

"Niliziona soksi zake," anaeleza Magdalena. "Zimelowa, na zimepakwa ule unga mwekundu kama mtu aliyetoka kusaga matofali. Nikamwambia, mwanangu, ngoja umande ukauke, na unawe kwanza. Hakuniamkia hata shikamoo. Akaniambia, bibi, mimi nimesomea. Akaingia."

Aliingia katika mistari minne ya mbele, akapita katikati yake akipindua majani yenye maji, mstari baada ya mstari. Alipofika kwenye miwili ya nyuma, akaona majani yameanza kuwa manjano na maganda ya kwanza yanaanza kukauka, akasimama. Alisema maneno ambayo Magdalena anayarudia kwa kila anayemtembelea: "Hii imekwisha kufa." Hakuigusa.

Msomi wa kilimo alikuwa ameitazama mbegu na hakujua kwamba ni mbegu!

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo madoa mekundu yalitokea. Hayakutokea ovyo. Yalishika mistari minne aliyopita Leonadi, pande zote za njia yake, kwenye kimo ambacho mkono wa mtu mzima hufika. Majani ya chini kabisa yalikuwa safi, na mistari miwili ya mbegu haikuwa na doa hata moja, na mpaka leo haina. Magdalena alimwita Klementi, jumbe wa kijiji, aje ayaone. Klementi aliinama, akatazama, akajinyoosha.

"Ugonjwa huu una miguu," alisema jumbe, "na umevaa soksi."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wiki iliyopita Leonadi alirudi kukagua tena, akayaona madoa aliyoyaleta mwenyewe, akaandika kwamba mwenye bustani ni mzembe. Barua ikaja kutoka ofisini Lindi, imepigwa taipu, ina muhuri. Bustani yote ing'olewe na kuchomwa katika siku saba, "pamoja na mabaki makavu yaliyo upande wa migomba." Asiyetii, shilingi arobaini au mwezi mmoja ndani.

Mabaki makavu. Magdalena hajui kusoma, alisomewa na Benedikto. Anasema alimwomba arudie maneno hayo mara tatu, maana alidhani mumewe amekosea.

Benedikto ni mtu mpole, fundi wa kusuka mapakacha, na hafichi hofu yake. "Serikali haishindwi, mama Veronika," alimwambia usiku ule. "Choma, tuishi. Mwakani tutatafuta mbegu nyingine." Magdalena alimjibu kwa swali moja tu: tutaitafuta wapi?

Saa mbili na robo jua linamwagika bondeni, umande unapanda kama mvuke wa chungu. Magdalena anapapasa jani moja kwa kidole. Limekauka. Sasa ananyanyuka, na ndani ya nusu saa huyu aliyedhaniwa mvivu anachuma mistari minne mizima kwa mikono miwili, mkono mmoja ukishika shina, mwingine ukikata ganda, ili mmea using'oke. Benedikto anafunga pakacha kwa majani ya migomba yaliyoloweshwa na kukimbilia njia panda. Ni mzigo wa mwisho wa mwaka huu.

Lori halijalia kona ya mlima, Leonadi anatokea. Ana chupa ya mafuta ya taa. Nyuma yake anakuja jumbe Klementi, kwa kuwa sheria inataka jumbe ashuhudie.

"Bibi, bado hujachoma," anasema Leonadi.

"Hujaamkia," anasema Magdalena.

Jumbe anatazama pembeni. Kijana anashusha chupa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa zungumza."

"Siku saba zimekwisha. Amri ni amri, mimi sikuiandika."

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba mimi mzembe, aliyeandika barua alifuata maneno yako." Sauti yake haijapanda, na hilo linatisha zaidi. "Lakini sikiliza. Hii minne ina ugonjwa. Sibishi. Wewe umeuleta, lakini upo, na nikiuacha utavuka kwa wenzangu. Hii nitaing'oa mimi mwenyewe, usitie mkono wako humu tena."

Anaing'oa. Inamchukua karibu saa nzima, na Leonadi anasimama njiani na chupa yake, hana kazi. Magdalena anarundika mimea, vijiti anaviweka kando. Leonadi anamwaga mafuta. Moshi ni mweupe, mzito, una harufu ya mboga iliyoungua chunguni. Magdalena anautazama mpaka mwisho. Machozi yanamtoka, na anasema wazi kwamba si ya moshi.

Kisha Leonadi anageukia migomba. Magdalena ameshafika kabla yake. Amesimama mbele ya mistari miwili ya mbegu, kanga ameikaza kiunoni.

"Hii haina doa. Njoo utazame. Umande umekauka, leo una ruhusa."

Leonadi haendi kutazama. "Barua inasema bustani yote."

"Hii sichomi."

"Basi nitachoma mimi."

"Hapo utakuwa umeniunguza na mimi. Niandike."

"Nini?"

"Niandike jina! Toa daftari lako. Magdalena mke wa Benedikto, wa Milola, amekataa amri. Nipeleke kwa liwali, nishtaki. Au unaandika maharage tu, watu huwezi kuwaandika?"

Hakuna afisa mdogo anayependa kukataliwa mbele ya jumbe. Leonadi anatoa kalamu kwa kasi ile ile ambayo Magdalena alitaka aitoe nayo. Anaandika jina, anaandika kosa, anamtaka jumbe atie sahihi. Jumbe anatia sahihi polepole, herufi moja moja, uso hauonyeshi kitu. Shauri litasikilizwa na liwali siku ya mashauri ya upande huu, tarehe 17 Septemba.

"Umejitakia mwenyewe, bibi," anasema Leonadi, na anafungua tena chupa ya mafuta.

"Funga hiyo chupa, bwana," anasema jumbe Klementi.

Jumbe anatoa ukindu mrefu mfukoni. Anaufunga kwenye kijiti cha kwanza, anauzungusha mistari yote miwili, anaufunga tena pale alipoanzia. Kila mkulima wa vilima hivi anajua maana yake. Zamani ndugu wawili wa hapa waligombea shamba la mbaazi, na kabla shauri halijaamuliwa mmoja akalitia moto ili mwenziwe asipate. Tangu siku ile, mazao yenye shauri hufungwa ukindu, na mpaka hukumu itoke hayatiwi jembe wala moto na mtu yeyote. Kinachoiva peke yake mwenye kupanda hukiokota, kisioze.

"Sasa shamba hili lina shauri," anasema jumbe. "Umelishtaki wewe. Ukilichoma, umechoma ushahidi wako, na mimi nitakwenda kwa liwali kusema hivyo."

Leonadi anautazama ukindu. Analitazama daftari. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaonekana kijana kweli, mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba watu anaowakagua nao wanafikiri.

"Bibi, umenichezea," anasema.

"Mimi?" Sasa sauti inapanda, na hasira ya siku saba inatoka yote kwa pamoja. "Mimi nimekuchezea! Umeingia kwangu na mikono michafu, umenipaka ugonjwa, umeniita mzembe kwa karatasi, umeita mbegu yangu ya miaka mitano takataka! Mtoto wangu anasoma kwa ganda hili! Na hukuinama hata mara moja uulize, mama, hii ni nini? Kuniuliza kungekugharimu nini? Toka bondeni kwangu. Na ukitoka kwangu usiingie kwa mtu mwingine kabla hujanawa!"

Leonadi anaondoka. Pale kijitoni, wote wanaona, anasimama kidogo, anainama, anaingiza mikono majini. Magdalena hakubali kulainika kwa hilo. "Amenawa masizi," anasema.

Maganda ya mbegu yanahitaji siku kumi na nane kukauka yote, au ishirini mawingu yakizidi. Mpaka siku ya shauri ni siku ishirini na sita. Hesabu hiyo Magdalena aliifanya jioni ile ile barua iliposomwa, kwa vidole, kitandani, na ndiyo sababu hakwenda kulia ofisini kwa mtu wala hakuomba msamaha. Alitaka ashtakiwe. Jumbe alikuwa na ukindu mfukoni tangu asubuhi.

Ushindi huo si wa bure. Liwali anaweza kumwona ana haki, na anaweza vilevile kumwona mkaidi. Shilingi arobaini hana. Za msimu zimekwenda shuleni. Benedikto, aliyerudi kutoka njia panda na kukuta majivu na ukindu, ameketi juu ya kinu akishika kichwa. Ameanza kuuliza wafungwa wanawake Lindi hulala wapi na hula nini. Mkewe anamwambia akasuke mapakacha.

Lakini kuna jambo limembadilisha Magdalena, na analisema kwa uchungu kwa kuwa linamhusu mwenyewe. Kwa miaka mitano hakumpa mtu punje hata moja. Brigita aliomba, akamnyima. Dada yake wa damu aliomba, akamwambia mbegu imeliwa na fukusi. Aliwaza soko la Rabiabai, kwamba wakipanda wote bei itaanguka.

"Ule ulikuwa ujinga wangu, sio wa Leonadi," anasema. "Mbegu iliyoko nyumba moja inamalizwa na kiberiti kimoja. Mimi ndiye niliyewarahisishia."

Kwa hiyo hatazifunga punje zote kibuyuni mwaka huu. Zikikauka, kabla hajakwenda Lindi kusikiliza hukumu yake, atapita mlango kwa mlango, kuanzia kwa Brigita. Punje kumi kila nyumba, na maelezo: ipande mwezi wa sita, tandaza nyasi, usiguse majani yenye maji, acha mimea miwili ikauke.

"Milola ina nyumba arobaini na tatu, nimezihesabu," anasema Magdalena, akilegeza kanga kiunoni na kuifunga upya. "Mimi wanaweza kunifunga. Nataka niwaone watakavyozifunga nyumba arobaini na tatu."